Shangazi, si mguu wangu

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia saa kumi alfajiri na mikono ina weusi ambao sabuni imeshindwa kuutoa. Sijalala. Mke wangu amelala, au anajifanya amelala, maana nilipotoka kitandani saa nane kuchukua tochi aligeukia ukutani bila kuniuliza naenda wapi. Ameshachoka na habari ya gari hili. Nami nimechoka, ila naomba unisome mpaka mwisho, maana si habari ya gari tu.

Gari linanuka mpira ulioungua. Si kila siku, na hapo ndipo balaa lote lilipoanzia. Njiani sisikii kitu. Nikishazima injini na kufungua mlango ndipo harufu inapanda, kali, ya kukaba koo, kama mtu ametupa kandambili motoni. Dakika kumi baadaye imekwisha. Ukimwita mtu aje anuse, anafika hakuna kitu, anakutazama wewe.

Nilimwambia shemeji kwa adabu zote. Gari lilikuwa lake miaka minne kabla hajaniuzia, nani angelijua kumzidi? Akaja, akazunguka nalo peke yake robo saa, akarudi akanitia funguo mkononi na kusema: "Gari halina shida. Shida ni mguu wako. Unaikalia klachi." Mwanangu alikuwa amesimama pale pale. Ana miaka 13. Akacheka kidogo. Si kwa ubaya, ni mtoto, kamwona mjomba wake anacheka naye akacheka. Lakini tangu siku ile nikibadilisha gia naona anautazama mguu wangu.

Shangazi, mimi nimeendesha gari za gia za mkono miaka 22. Sipumzishi mguu kwenye pedeli nikiwa mwendoni. Mlimani sishikilii gari kwa klachi, navuta breki ya mkono. Sikuambii haya kwa kujisifu, nakuambia kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Wote wameshamwamini yeye.

Ubaya wa neno la namna ile ni kwamba na mwenyewe unaanza kujitilia shaka. Shemeji alimpigia fundi simu, na fundi akakubali kabla hajafungua hata nati moja. Klachi ikashushwa, nikalipa. Sahani ya zamani ilipotoka nikaomba niishike. Ilikuwa bado nene, ribeti zimezama chini kabisa ya uso wake, na kwenye flaiwili, lile duara zito la injini ambalo sahani hubanwa juu yake, hapakuwa na yale mabaka ya bluu yanayoachwa na joto. Nikamwonyesha fundi. Akasema, tumeshafungua, bora tubadilishe. Tukabadilisha. Siku ya nne harufu ikarudi ile ile.

Na hiyo klachi nilikuwa nimeshaijaribu mwenyewe kabla! Gia ya nne, mwendo mdogo, unakanyaga mafuta kwa nguvu. Klachi ikiwa inateleza, mshale wa mizunguko ya injini unaruka juu huku gari likibaki pale pale. Kwangu mshale ulipanda pole pole pamoja na mwendo. Tena klachi ikiungua haitoi harufu ya mpira, inatoa ile ya breki za lori lililotoka kwenye mteremko mrefu. Nilimweleza shemeji yote haya. Akajibu, "Haya, fundi," na mwanangu akasikia tena.

Sikuishia hapo, usije ukadhani ni mtu wa kulalamika tu. Fanbelti nimeitazama: haina nyufa, hailii asubuhi gari likiwa la baridi, haijang'aa kama kioo. Breki nimezikagua kwa kusogeza kiganja karibu na kila rimu baada ya safari bila kuigusa. Kalipa, kile chuma kinachobana breki ya gurudumu, ikiganda ingefanya rimu moja iwe ya moto kuliko mwenzake, na gari lingevutia upande mmoja. Halivutii. Chini ya boneti kuna unyevu kidogo wa oili kwenye gasketi ya kava la vali, na oili ikidondokea eksozi inanuka kweli, lakini harufu yake ni ya mafuta, na moshi wake ungeonekana mbele. Hii inatoka nyuma. Nyaya za umeme nazo zikiungua ni harufu nyingine kabisa, ya plastiki inayochoma pua, na hiyo nisingesubiri kukuandikia, ningezima gari na kukimbia.

Aliyenifumbua macho ni mke wangu, na hakukusudia. Juzi tuligombana, akasema, "Mbona hiyo harufu yako inakuja siku za mtoto tu?" Alisema kwa kuniudhi. Nilinyamaza, nikaenda kufungua daftari. Naandika kila safari, huo ni utaratibu wangu wa miaka mingi, si wazimu kama wanavyosema. Safari tisa, harufu mara tano. Mara zote tano mwanangu alikuwa amekaa zile siti za nyuma za kubana na begi lake, na mke wangu mbele. Mara nne nilikuwa peke yangu. Shemeji alilijaribu akiwa peke yake. Fundi alilijaribu akiwa peke yake. Unaona, Shangazi?

Ndiyo maana usiku huu nimetoka na tochi. Nimeinua upande wa nyuma kulia kwa jeki, nikaweka gogo chini kwa usalama, nikavua gurudumu, nikalala chali. Ile plastiki ya ndani ya madigadi ina mstari upana wa vidole viwili uliosuguliwa mpaka unang'aa kama sahani iliyooshwa. Pembeni mwa mstari kuna vumbi jeusi lililojikunja kama machicha ya kifutio cha penseli. Nimeliokota kwa vidole, nikalinusa. Ni mpira. Vipande vingine vimerukia chungu cha eksozi, kiko karibu tu, vimegandia pale na kuwa kama lami. Kumbe ndiyo maana harufu inakuja nikishasimama: mwendoni upepo unaichukua, gari likitulia joto la eksozi linavioka vile vipande na harufu inapanda.

Nikaenda kwenye ubavu wa mlango wa dereva kusoma kibandiko cha kiwandani. Kimeandikwa 225. Tairi imeandikwa 255. Namba ya kwanza kwenye saizi ya tairi ni upana wake kwa milimita, kwa hiyo nimebeba milimita 30 za ziada kila gurudumu la nyuma. Na springi si za kiwandani, ni zile nyekundu, fupi. Gari limeshushwa na kuvalishwa tairi pana. Likiwa na mtu mmoja linapita. Ukipakia watu nyuma, likikuta tuta au kona, linalala juu ya tairi na kusaga mpira.

Mimi sikulishusha. Mimi sikununua tairi zile. Mguu wangu umeingiaje hapo?

Sasa nikuambie lililoninyima usingizi kabisa. Siku ananikabidhi gari, shemeji alisema, "Huko nyuma usipakie watu, zile siti ni mapambo." Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya wenye magari ya spoti, ndivyo wanavyoongea. Leo nimelala chini pale na tochi mdomoni, maneno yale yamenirudia kwa sauti yake. Alijua? Kama alijua, alisimamaje mbele ya mpwa wake na kusema ni mguu wangu, naye anajua anayekaa juu ya tairi lile ni mtoto huyo huyo? Tairi likimaliza plastiki linakuta ukingo wa bati, na bati linakata tairi. Sijui nimwite nani mtu wa namna hiyo. Au pengine hakujua, alitaka kunitahadharisha tu juu ya kubanana, nami nimekaa gizani namtungia makosa kwa sababu ya kicheko cha siku ile.

Gari nimeamua kuliuza. Ila nikiliuza atasema lilinishinda, kwa hiyo siliuzi. Narudisha springi za kawaida na tairi za 225, basi. Kuna anayeniambia nikate ile plastiki yaishe, nami naona huko ni kumpa tairi nafasi ya kufika kwenye bati haraka zaidi. Hapo nirekebishe kama nimekosea.

Sitaki ugomvi. Mke wangu ni dada yake, na tangu mama yao aondoke wamebaki wawili tu, nikisema neno moja baya linamwangukia yeye. Wala sitaki shemeji aniombe radhi. Nataka aje, ainame, atie kidole kwenye ule mstari, halafu aseme si mguu wa baba yako. Aseme mtoto akisikia. Hiyo si radhi, Shangazi, ni ukweli tu.

Jumamosi tuna ile safari. Jana jioni mwanangu ameniambia, bila kuniangalia, kwamba atakwenda na gari la mjomba. Nikamwambia sawa. Mama yake alikuwepo, hakusema kitu.

Kwa hiyo nishauri. Nianze na mke wangu, nimpeleke nje nimwonyeshe kabla hajaanza kuandaa chai? Au nimpigie shemeji tuonane wawili, mtoto asiwepo, nimhifadhie heshima ambayo yeye hakunihifadhia? Naona kila njia ni mbaya. Na kama kweli kuna kitu kwenye uendeshaji wangu ambacho sikioni, niambie hicho pia, nitakipokea kutoka kwako.

Nijibu upesi. Shemeji amesema Jumamosi atapita saa moja asubuhi kumchukua mtoto, na gari langu liko pale pale anapoegesha lake. Gurudumu nimeliegemeza ukutani, ile sehemu iliyosuguliwa iko wazi, mtu yeyote akiinama anaiona. Nilirudishe kabla hajafika, au niliache alikute hivyo?