Anayejifundisha kuandika anahitaji msomaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwazungumzie vijana wa hapa Lubumbashi ambao, kwa kukosa karo ya mafunzo ya kompyuta au ya uandishi, wameamua kujifundisha wenyewe. Mimi ni mwalimu wa hisabati katika Katuba, mojawapo ya komini (yaani wilaya) za mji huu, na jioni nawaona wameinamia simu zao, huyu akitunga hadithi, yule akihangaika na programu yake ya kwanza. Juhudi yao yastahili heshima, na yastahili pia msaada wa aina moja ambao naamini gazeti lako linaweza kuutoa.

Kwa upande wa programu, vifaa si adimu kama watu wengi wanavyodhani. Lugha ya kompyuta iitwayo Python, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum, ni ya bure. Huandikwa hata kwenye simu ya Android, na programu ya kuiendeshea ikishapakuliwa yaweza kutumika bila intaneti. Umeme ukikatika na betri ikaisha, mistari huandikwa daftarini ikangoja kujaribiwa. Maneno ya Kiingereza ambayo lugha hiyo imejitengea ni takriban 35 tu, na majina ya vitu vinavyohesabiwa mwanafunzi hujichagulia mwenyewe, kwa hiyo hakuna kinachomzuia kuandika bei, deni au jumla.

Wakiniuliza waanzie wapi, huwaambia waandike programu ya kubadili dola kuwa faranga, kwa kuwa ndiyo hesabu ambayo wauzaji wa soko la Kenya, komini nyingine ya mji huu, huifanya kichwani kutwa nzima. Ni mistari michache, lakini ina mafunzo mengi. Mwanafunzi akisahau kufunga mabano, kompyuta hukataa papo hapo na kumtajia mstari wenye kasoro. Akivuka hapo, hukutana na kosa jingine lililo gumu zaidi kwa sababu halitangazwi: Python hupokea kila anachoandika mtumiaji kama maandishi, hata kikiwa ni tarakimu, hivyo akijumlisha 20 na 5 bila kuzigeuza kwanza kuwa namba, atapewa 205. Programu imekwenda, jibu limetoka, na jibu ni la uongo. Ndiyo maana nasisitiza kwamba programu ijaribiwe kwanza kwa hesabu ambayo jibu lake linajulikana, na kwamba anayenakili mistari ya mwenziwe bila kuivuruga na kuitengeneza upya kwa mkono wake hajajifunza bado.

Anayejifunza kuandika hana mashine ya kumkatalia hivyo. Sentensi yake inaweza kusema kinyume cha alichokusudia naye asitambue, kwa kuwa anapoirudia anasoma yaliyomo moyoni mwake, wala haoni yaliyokosekana kwenye karatasi. Hapa kwetu ugumu huo umezidi. Kiswahili ni mojawapo ya lugha 4 za taifa zilizotajwa katika Katiba ya Kongo ya 2006, lakini masomo ya sekondari tumeyapata kwa Kifaransa, na Kiswahili cha maandishi wengi wetu tumejiokotea katika Biblia na katika magazeti.

Hata hivyo, mji huu umewahi kujiandika. Mwaka 1965, ungali ukiitwa Elisabethville, André Yav alikusanya historia ya mji na kuiandika kwa Kiswahili cha hapa hapa, kwa niaba ya chama cha watu waliowahi kufanya kazi za nyumbani kwa wazungu. Maandishi hayo yamechunguzwa na wataalamu wa ng’ambo, kwa kuwa yanaeleza mambo ambayo mabwana wa nyumba zile hawakuyaandika. Nawatajia vijana mfano huo kila wanapodhani kwamba lugha yao haifai kuandikwa mpaka wapate cheti.

Basi ombi langu ni hili, Ndugu Mhariri: litengewe safu ndogo kila wiki andiko la mtu anayeanza. Aya moja ichapwe kama ilivyoletwa, kisha ichapwe tena baada ya kusahihishwa, na sababu ya kila badiliko ielezwe kwa ufupi, bila kutaja jina la mwandishi. Naelewa kwamba barua nyingi hazichapwi kwa sababu kurasa ni chache, lakini aliyeandika na asione barua yake hajui kama ilikuwa ndefu mno, au hoja yake haikueleweka, au ilichelewa tu, na akinyimwa jibu mara kadhaa huacha kuandika. Msahihishaji naye ajihadhari. Aondoe kinachomkwamisha msomaji, ila asiyafute maneno ya Lubumbashi yanayoeleweka, maana tutabaki na sentensi safi ambazo mwenyewe hazitambui tena kuwa ni zake.

Walimu wenzangu kadhaa nami tuko tayari kusoma maandishi hayo bila malipo na kuyaleta ofisini kwenu yakiwa na maelezo yake. Twaomba jambo moja zaidi, kwamba yapokelewe hata yakiwa ya mkono kwenye karatasi za daftari, kwa kuwa baadhi ya wanaoandika vizuri kuliko wote mtaani kwetu hawana simu.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa hisabati,
Katuba, Lubumbashi