Mhariri, tuulize pia kuhusu glavu na ovaroli

Bwana Mhariri,

Tangu Uyombo, hapa Kilifi, itajwe kuwa mahali pa kujenga kinu cha nyuklia, na hata baada ya macho ya serikali kugeukia Siaya, ubishi wetu juu ya taka umekuwa wa namna moja. Anayepinga anasema sumu itakaa maelfu ya miaka. Anayeunga mkono anamjibu kwamba Wafini wamechimba Onkalo, ghala la kuzikia taka hizo, zaidi ya mita 400 ndani ya mwamba, basi yamekwisha. Wote wawili wanazungumzia fueli iliyokwisha kutumika. Glavu hazitajwi na yeyote.

Nimefundisha biolojia miaka mingi, na zoezi moja wanafunzi walilipenda kuliko yote kwa sababu liliwatoa darasani. Tulifukia shati kuukuu nyuma ya jiko la shule, penye udongo usiokauka, tukalifukua mwaka uliofuata. Pamba ilikuwa imekwenda. Vilibaki vifungo, lebo ya shingoni na uzi wa nailoni uliopita kwenye mishono, bado umeshika umbo la kola kama miba ya samaki iliyobaki sahanini. Waliolila shati lile ni bakteria na kuvu. Sasa, ukipima kwa ujazo, sehemu kubwa ya taka zinazotoka kwenye kinu kila siku ni za jamii ya shati lile: ovaroli, matambara, karatasi za kupangusia, glavu za mpira, plastiki. Mionzi yake ni hafifu, haitoshi kuwaua bakteria. Ukizijaza kwenye pipa na kuzishusha ardhini, umewaandikia chakula.

Wafini wanalijua hilo. Kisiwani Olkiluoto, jirani na Onkalo yenyewe, kuna ghala jingine lisilovuma, liitwalo VLJ, ambalo limekuwa likipokea taka za mionzi hafifu na ya kadiri tangu 1992, mita 60 hadi 100 chini ya ardhi. Mwaka 1997 walianza jaribio humo. Mapipa 16 ya taka halisi za matengenezo yaliwekwa pamoja na zege ndani ya tangi la mita za ujazo 20, likajazwa maji ya mto, likafungwa. Walitaka kujua gesi kiasi gani itatoka siku ghala litakapojaa maji, kwa kuwa likishafungwa litajaa tu.

Zege hugeuza maji kuwa makali kama ya chokaa, na mtu angedhani bakteria watashindwa papo hapo. Hawakushindwa. Walianzia vipembeni, ndani ya mapipa, penye karatasi na pamba ambako ukali wa zege haukufika. Huko bakteria huivunja selulosi, yaani nyuzi za pamba na karatasi, ikawa sukari, sukari ikawa asidi, na asidi hiyo hupunguza ukali wa maji ya jirani, wakapata pa kusogea. Nyuma yao hufuata kundi jingine, la watengenezaji wa methani, gesi ile ile inayowaka kwa mwali wa buluu kwenye majiko ya biogesi ya wafugaji wetu. Tangi lile limepimwa kwa zaidi ya miaka 20, na kazi humo ndani haijasimama.

Gesi ndani ya shimo lililozibwa huongeza shinikizo, tena haitoki mikono mitupu. Kwenye mahandaki ya taka ya West Valley, jimbo la New York, methani iliyopimwa ilikutwa na tritiamu na kaboni-14. Yaani vijidudu vilikula taka zenye mionzi vikatoa pumzi yenye mionzi.

Huko huko Marekani, Maxey Flats, Kentucky, walizika taka kuanzia 1963 hadi 1977 kwenye mahandaki ambayo udongo wake haupitishi maji. Mvua ikaingia, isipate pa kutokea, mahandaki yakawa ndoo. Humo mlikuwa na dawa za kuondolea uchafu kama EDTA, ambayo hung'ang'ania metali na kuiyeyusha majini, na plutoniamu ikasafiri nayo. EDTA ni chakula kigumu kwa bakteria. Laiti wangeimaliza mapema, plutoniamu ingekosa kipandio.

Ndiyo maana siombi bakteria wauawe, hata kama ingewezekana. Pamba na karatasi zikikaa na saruji huvunjika zenyewe, bila kuliwa na mtu, zikatoa asidi ya isosakarini, nayo ina tabia ile ile ya kushika metali na kuzitembeza. Karibu na Buxton, Uingereza, kwenye mabaki ya tanuri za zamani za chokaa, watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester walichota tope, na mwaka 2015 wakatangaza kwamba bakteria waliomo wanaila asidi hiyo katika maji makali ya kiwango cha maji ya saruji. Wako na wengine wanaoigeuza urani iliyoyeyuka ikaganda mahali pake.

Wamarekani, kwenye ghala lao la ndani ya chumvi huko New Mexico, hutandika magunia ya magnesiamu oksaidi juu ya mapipa ili yafyonze hewa ya ukaa itakayotolewa na vijidudu. Hesabu hiyo waliipiga kabla. Ambayo hawakuipiga ni ya mchanga wa choo cha paka, ule wa ngano, uliotiwa kufyonza majimaji ukachanganywa na chumvi za naitreti ndani ya pipa moja. Hapo bakteria hawakuhusika, ilikuwa kemia tupu: Februari 2014 pipa lilipata joto likapasuka, na ghala likasimama karibu miaka mitatu.

Niliwahi kusimama kwenye mkutano mmoja wa hadhara nikauliza: ovaroli na matambara yatakwenda wapi? Bwana aliyekuwa na kipaza sauti akatabasamu, akasema, "Mwalimu, yote yatafungwa ndani ya zege." Watu wakapiga makofi. Nikaketi.

Kwa hiyo, Mhariri, nakuomba jambo dogo. Mwandishi wako akialikwa tena kwenye kikao cha aina hiyo, aulize kilo ngapi za pamba na karatasi zitazikwa kwa mwaka, na kama zitachomwa kwanza, kama Wafaransa wanavyofanya kwenye kiwanda cha Centraco, au zitashindiliwa na kufukiwa hivyo hivyo. Aulize gesi itapitia wapi. Akijibiwa zege, aulize tena.

Mwalimu mstaafu wa biolojia,
Kilifi