Tutalijengea kaburi la mwanangu bila kuutaja ugonjwa uliomuua?

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu kutoka Mwanza. Nina umri wa miaka 31, nimeolewa, na nina mtoto wa kiume anayesoma darasa la kwanza. Nilikuwa na binti pia, ambaye tulimzika Agosti mwaka jana akiwa na miezi 11, na ndiye aliyenifanya nikuandikie.

Alizaliwa na afya njema. Alipoingia mwezi wa saba, viganja na nyayo zake vilivimba, akawa analia kila alipoguswa. Tukaambiwa ni meno, kisha tukapewa dawa ya malaria, uvimbe ukapungua nasi tukausahau. Miezi minne baadaye aliamka akiwa amepauka midomo, tumbo limejaa upande wa kushoto, na usiku wa siku hiyohiyo alifariki hospitalini tukiwa tunasubiri damu. Daktari wa zamu alitueleza kwa upole kwamba bandama ilikuwa imenasa damu nyingi kwa ghafla, jambo linalowapata watoto wenye selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita sikoseli. Mimi na mume wangu tulipopimwa, wote tulikutwa tumebeba kinasaba cha ugonjwa huo bila sisi wenyewe kuumwa, na kwa sababu hiyo kila mimba yetu ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Hesabu hiyo huanza upya kwa kila mimba. Kumpoteza mmoja hakumkingi anayefuata.

Nyumbani jina lake halitajwi. Nimebaki na kofia yake ya sufu na kadi ya kliniki, ambayo mstari wa uzito wake unapanda vizuri hadi mwezi wa kumi na kukomea hapo. Huwa naifungua nikiwa peke yangu, kwa sababu mume wangu akiiona huondoka chumbani.

Kwa hiyo nilifurahi sana familia ilipoamua kwamba Agosti hii tukalijengee kaburi lake kijijini kwa mume wangu, Sengerema, na padri aombwe kusoma misa. Niliomba jambo moja tu: kwamba siku hiyo, wakati wa neno la familia, isemwe wazi mtoto alifariki kwa ugonjwa gani, ili vijana wa pande zote mbili wakapime. Baba mkwe alikataa, akasema mambo ya damu ya ukoo hayatangazwi mbele ya watu, na mume wangu akanikataza kulizungumza tena. Sababu naifahamu. Wifi yangu amechumbiwa, posa imeshapokelewa, na ndoa ni Desemba. Wanahofu kwamba upande wa kijana ukisikia utarudi nyuma.

Lakini mume wangu alikipata kinasaba hicho kwa baba au mama yake, maana yake wifi yangu naye ana nafasi isiyopungua nusu ya kukibeba, na mchumba wake ni mtu wa Kanda hii ya Ziwa, ambako wabebaji ni wengi. Sitaki kuivunja ndoa yao. Hata wakikutwa wanabeba wote, watajua kumpima mtoto mara tu anapozaliwa, kumpa penisilini kila siku hadi afikishe miaka mitano, kumkamilishia chanjo, na kumpapasa bandama anapopauka. Mimi ningefundishwa kupapasa bandama, asubuhi ile nisingeanza kwa kumpikia uji.

Kinachonitia uzito zaidi ni mama mkwe. Wakati wa Pasaka, tukiwa wawili tu jikoni, aliniambia kwamba kabla ya kumzaa mume wangu alizika watoto wawili, wote hawajafikisha miaka miwili, na mmoja wao alivimba vidole kama wangu. Wakati ule ilisemwa kwamba wamelogwa, na mwanamke mmoja jirani alilazimika kuhama kijiji kwa maneno hayo. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu, ni mimi niliyewapa?" Nilishindwa kumjibu, nikamshika mkono tu. Kama watoto wale waliugua selimundu, basi yeye na baba mkwe wote wanabeba, na nafasi ya wifi yangu kubeba inafika mbili kati ya tatu.

Tarehe 19 Juni, Siku ya Selimundu Duniani, nilihudhuria mafunzo hospitalini, nikajifunza kwamba kinasaba hiki kilienea katika nchi zenye malaria kwa sababu anayebeba kimoja hukingwa dhidi ya malaria kali. Tangu siku hiyo ninafikiri kumwambia mama mkwe kwamba huenda ndicho kilichomkuza yeye mwenyewe utotoni, na kwamba mtoto hauugui ugonjwa huu mpaka akipokee kwa baba na kwa mama pia. Nahofia, hata hivyo, kwamba nikimwambia nitamfanya awazike watoto wake upya, na kumrudisha yule jirani mbele ya macho yake.

Ninaomba unishauri. Je, nimwendee wifi yangu kwa siri kabla ya Agosti, nikijua kwamba mume wangu akigundua ataona nimemsaliti, au nianze na mama mkwe, ambaye naamini moyoni kwamba akikubali, baba mkwe hatamzuia? Na kama wote watakataa, je, ni haki nisimame kando ya kaburi la mwanangu nikisikia inasemwa kwamba aliugua ghafla, na ninyamaze?

Ni mimi,
Mama wa Watoto Wawili,
Mwanza.