Kabla hujanunua kicheza muziki kingine

Shangani, Mtwara

Ndugu yangu Selemani,

Assalaam aleikum. Barua yako imenifikia, na nimefurahi kusikia kwamba huko Lindi nyote mu wazima. Nimesoma ulivyoeleza: singeli inakwaruza, taarabu inapasuka pale mwimbaji anapopandisha, na fundi kakwambia kicheza muziki kimekufa, ununue kingine. Usinunue kwanza. Kifaa kilichokufa hakichagui nyimbo, na wewe umeandika kwamba kaswida zinalia vizuri tu.

Anza na jaribio moja. Chukua wimbo unaokwaruza kila mara mahali palepale. Usikilize kwa sauti yako ya kawaida, kisha shusha sauti hadi robo. Mkwaruzo ukibaki, hata kama ni mdogo, ujue muziki umeharibika kabla haujafika kwenye kitufe cha sauti: ni faili au ni ekwalaiza, yaani pale unapopandisha na kushusha besi na sauti nyembamba. Ukiondoka kabisa, tazama betri, hedifoni na amplifaya ya ndani, yaani kikuza sauti.

Mimi naishuku ekwalaiza. Muziki wa kidijitali wa biti 16 una dari: namba kubwa kabisa ya kuandikia urefu wa wimbi la sauti ni 32,767, na juu yake hakuna kitu. Wimbo uliotayarishwa kwa sauti kubwa unaigusa dari hiyo tangu studio. Sasa ukipandisha besi kwa desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), mawimbi ya besi yanakuwa makubwa mara mbili, na kilichozidi dari kinakatwa. Wimbi lililokuwa na kichwa cha mviringo linatoka na kichwa bapa, na ubapa huo ndio unaokukwaruza masikioni. Singeli inaumia zaidi kwa sababu besi yake inagonga mfululizo, haipumziki. Kwa hiyo zima ekwalaiza yote, pamoja na vile vikorombwezo vya kuongeza besi na kupanua sauti. Ukiona huwezi kuishi bila besi, usiipandishe. Iache palepale, shusha masafa mengine, yaani sauti za kati na nyembamba, kwa desibeli 3 au 4, kisha ongeza sauti kwa kitufe. Masikioni utapata besi ileile na dari haitaguswa.

Ekwalaiza ikiwa imezimwa na mkwaruzo bado upo, peleka faili kwenye kompyuta, ulifungue kwa programu ya Audacity na uwashe alama za kuonyesha sauti iliyokatwa. Mistari myekundu ikijaa, faili lenyewe ndilo bovu. Programu ya MP3Gain inaweza kulishusha kwa hatua za desibeli 1.5 bila kulibana upya, na ukitaka unarudisha lilivyokuwa. Ila itakusaidia tu kama kichwa cha wimbi kinakatwa wakati wa kucheza. Kama kilikatwa kabla wimbo haujageuzwa kuwa MP3, ukishusha utapata mkwaruzo uleule kwa sauti ndogo. Hapo dawa ni kutafuta nakala nyingine. Na nyimbo unazojaziwa kwenye vibanda vya stendi ziangalie kwa makini. Faili la kilobiti 128 kwa sekunde likigeuzwa kuwa la 320 linaongezeka uzito, kutoka karibu MB 1 kwa dakika hadi MB 2.4, lakini kilichopotea hakirudi. Dalili yake ni matoazi yanayolia kama yako majini.

Umesema pia kuna nyimbo ambazo mwimbaji anapotea na vyombo vinabaki kwa mbali. Hilo ni jambo jingine kabisa, na linanifanya niitazame pini ya hedifoni yako. Pini ya hedifoni yenye maikrofoni ina mistari mitatu myeusi. Ya kawaida ina miwili. Tundu la kicheza muziki cha zamani halikutengenezwa kwa pini ya mistari mitatu, kwa hiyo waya wa ethi, ule wa kurudishia umeme ambao spika zote mbili huutumia, unaweza kukosa kugusa. Hapo spika mbili za masikioni zinaunganishwa moja nyuma ya nyingine, na unasikia tofauti tu ya kushoto na kulia. Mwimbaji, ambaye amewekwa sawasawa pande zote, anafutika. Bonyeza kitufe cha maikrofoni na ukishikilie wakati wimbo unalia. Mwimbaji akirudi, tatizo ni hilo. Tafuta hedifoni ya mistari miwili, uachane na hiyo.

Kama sauti inakatika unapozungusha pini, ni uchafu au kutu. Huku kwetu pwani chumvi ya hewani haisamehi chuma. Zima kifaa, chovya kijiti chembamba chenye pamba kidogo kwenye spiriti safi ya duka la dawa, zungusha ndani ya tundu taratibu, usiache nyuzi za pamba, halafu subiri pakauke kabisa.

Betri haina mengi. Sauti ikikwaruza pale tu chaji inapokaribia kuisha na besi inapogonga, betri imechoka. Betri ikivimba, acha kuitumia siku hiyohiyo, wala usiitoboe.

Kadi ya memori haikwaruzi, inakatakata au kuruka. Kadi za zaidi ya GB 32 kwa kawaida huja na mfumo wa kupanga faili uitwao exFAT, ambao vifaa vingi vya zamani havisomi, kwa hiyo chukua ya GB 32 au chini ya hapo, mfumo FAT32. Kama unashuku ni feki, hamisha nyimbo zote kwanza, kisha ipime kwa programu ya H2testw. Inaijaza kadi nzima na kuisoma tena, na kadi iliyoandikwa GB 32 huku ndani ina 8 itaumbuka.

Ukishajaribu niandikie mambo mawili: mkwaruzo ulibaki au uliondoka uliposhusha sauti, na pini yako ina mistari mingapi. Ukimpata mtu anayekuja Mtwara, mpe na nakala ya huo wimbo wa taarabu niufungue hapa.

Msalimie mama na watoto.

Nduguyo,
Issa