Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Masomo ya Uzamivu

YAH: OMBI LA MSIMAMIZI (MARA YA NNE)

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Natumaini barua zangu tatu za awali zilifika salama, na kwamba zimepumzika vya kutosha mezani kwako. Hii nimeona tuisome sote.

Jumatatu iliyopita ofisi yako ilinijibu kwa mstari mmoja: nibadili mada au nirudie mwaka kwa ada kamili. Eti hakuna wa kusimamia tasnifu kuhusu Wasidi wa India, wale wazawa wa Waafrika waliofika huko. Karani akanishauri, kwa huruma kabisa, nichukue "kitu cha Marekani, vitabu vipo."

Mheshimiwa, siku ya kutukaribisha ni wewe uliyesema kwamba programu hii ya diaspora ya Waafrika haitakomea Atlantiki. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikauma.

Atlantiki siidharau. Watu wapatao milioni 12.5 walipakiwa merikebuni kama watumwa, nani awasahau? Nimesoma Palmares, makazi ya watumwa waliotoroka kule Brazil, na kiongozi wao Zumbi aliyeuawa 1695, nimesoma Haiti hadi uhuru wa 1804, na mitihani yote nimefaulu. Lakini wako waliovushwa Bahari ya Hindi, na hao hawaenei katika hadithi ya shamba la miwa peke yake. Malik Ambar alitoka Uhabeshi, akauzwa na kuuzwa tena, na bado akaja kushika hatamu za dola ya Ahmednagar kule India na kuwasumbua Wamughal, watawala wa dola kubwa ya kaskazini, hadi alipofariki 1626. Na kule Gujarat, kwenye kaburi la walii wao Bava Gor, Wasidi hucheza ngoma wanayoiita goma. Goma, Mheshimiwa! Msomaji wa Kiswahili anahitaji kutafsiriwa hilo?

Kwa ajili ya watu hao nimejifunza Kigujarati kwa mwaka mzima, kwa fedha yangu. Nimeuza kompyuta nikalipia masomo, sasa naandika sura za tasnifu kwenye simu. Kamati yako iliipitisha mada hii, muhuri upo. Mwalimu wangu alistaafu miezi kumi na minne iliyopita, na kibali changu cha utafiti hakimngoji mtu. Nasikia nafasi yake imehamishiwa idara inayoingiza fedha. Sina ushahidi, pengine ni faili tu limeangukia nyuma ya kabati.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na madai matano: maktaba, ruzuku, semina, sijui nini tena. Nimeyafuta. Nipatie msimamizi. Awe wa chuo kingine, awe wa kuonana naye kwenye skrini tu, almuradi anayemjua Msidi ni nani. Fomu ya msimamizi wa nje nimekwisha kuijaza na nimeiambatisha kwa mara ya nne. Imebaki sahihi yako.

Msimamizi, Mheshimiwa. Mmoja tu.

Wako mtiifu, ingawa si mvumilivu tena,
Mwanafunzi wa uzamivu, mwaka wa tatu