Risala ya Kamati ya Shule kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Darasa la Saba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa chama na Serikali, walimu, wazazi, na ninyi wahitimu wetu,

Mwangaluka! Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyekufikisha salama, hasa kwa barabara hii ya kutoka lami. Tunajua una majukumu mengi, na kufika kwako kumetupa heshima kubwa.

Shule yetu ilianza wakati wa Operesheni Vijiji ikiwa na vyumba viwili vya udongo. Leo ina vyumba tisa, ufaulu umepanda miaka mitatu mfululizo, timu ya netiboli imefika wilayani, na klabu ya mazingira imeotesha miche 2,000. Iliyopona ukame na mbuzi ni kama 400, na hakuna shule katika kata hii iliyotufikia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mahitaji yetu ni mengi, lakini leo tumekubaliana kusema moja tu: jiko.

Sensa ya 2012 ilitukuta Watanzania milioni 44.9, na ya 2022 ikatukuta milioni 61.7. Hapa kwetu ongezeko hilo tunaliona kwenye foleni ya uji. Kabla ya elimu bila ada kuanza mwaka 2016 tulikuwa na wanafunzi 430. Leo ni 1,186. Tunawafurahia, ni watoto wetu. Ila wote wanakula, makande yanaiva kwa kuni, na kuni zinatoka kwenye ngitili, yale maeneo ya malisho na miti tunayoyatenga na kuyahifadhi.

Wazee waliokaa hapo mbele wanaijua habari hii. Miti ya Shinyanga ilifyekwa enzi za mkoloni kufukuza mbung'o, ikafyekwa tena kupisha pamba, mpaka upepo wa kiangazi ukawa unaondoka na udongo wetu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza mwaka 1986, wazee hawa walikaa dagashida, baraza letu la jadi, wakakubaliana kutenga ngitili upya, na wakazilinda wenyewe. Migunga ikarudi. Sasa shule, inayofundisha watoto kupanda miti, ndiyo inayoimaliza.

Kila Jumatatu mwanafunzi huja na mzigo wake wa kuni. Miaka sita iliyopita tulipokea vipande vinene kama mkono wa mtu mzima. Jumatatu iliyopita kuni nyingi hazikuzidi dole gumba, na watoto wa darasa la tatu walileta mabua ya pamba na mizizi iliyong'olewa, bado ina udongo mbichi. Mti uliong'olewa mzizi hauchipui tena. Wasichana wanaozifuata kuni hizo mbali wanafika darasani kipindi cha kwanza kimekwisha.

Serikali imeagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Tunaunga mkono kwa moyo wote. Barua ya agizo ilitufikia, jiko bado.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima zote, miaka miwili iliyopita mgeni rasmi wa siku hiyo alisimama hapa hapa akatuahidi jiko la gesi na jengo lake kabla ya mvua. Tulipiga makofi na vigelegele. Mafundi walikuja, wakapima, wakapigilia vigingi vinne, wakaondoka. Vigingi vipo, tumevizungushia mawe visipotee. Tumeandika barua tatu, na mara zote tumejibiwa kwamba suala letu linafanyiwa kazi.

Wazazi hawakukaa bure. Wamefyatua tofali 3,000, na hawakuzichoma, kwa sababu tanuru lingekula migunga iliyobaki. Tumezifunika kwa turubai la kuazima. Mvua za Novemba zikizikuta nje, zitarudi kuwa tope.

Tunachoomba ni saruji ya msingi, bati za kuezeka, na jiko la gesi lenye sufuria za kutosha watoto hawa. Ujenzi tutaufanya wenyewe.

Ahadi ile imeandikwa kwenye kitabu cha wageni, kwa mwandiko wa aliyeitoa. Mwalimu Mkuu atakuletea kitabu hicho hapo mezani. Tunakuomba sana, Mheshimiwa, kabla hujaondoka utuandikie chini yake tarehe.

Tunaomba kuwasilisha.