Kukagua kama akaunti inastahili kulipwa hakuhitaji wakala wala ada

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linalowamaliza vijana wa Kisumu na miji jirani. Ninaendesha duka la saiba karibu na soko la Kibuye, na kwa miaka mingi kazi yangu kubwa imekuwa kuwasaidia wateja kuwasilisha ritani za ushuru kwa KRA, kuomba mikopo ya elimu ya HELB na kuchapisha barua za kuomba kazi. Siku hizi haipiti wiki kabla mtu hajaniwekea simu mezani akitaka nimwangalilie kama akaunti yake ya YouTube, Facebook au TikTok imeanza kulipa, na wengi wao hufika kwangu wakiwa tayari wamemlipa mtu mwingine kwa kazi hiyo hiyo. Ninachotaka wasomaji wako wajue ni kwamba ukaguzi huo ni bure, hufanywa na mwenye akaunti ndani ya akaunti yake mwenyewe, na anayedai ada ili akukagulie au akufungulie malipo anakuibia.

Mwezi uliopita alikuja msichana anayekaanga samaki kule ufuko wa Dunga na kurekodi video za mapishi kwa simu ambayo kioo chake kimepasuka kutoka pembe hadi pembe. Alikuwa ametuma shilingi 3,500 kwa M-Pesa, kwa awamu mbili, kwa mtu aliyempata katika kundi la WhatsApp, naye akatumiwa picha ya skrini yenye alama ya kijani na maneno ya kumpongeza kwamba chaneli yake imekubaliwa kuchuma mapato. “Mama, mbona bado sioni pesa?” akaniuliza. Niliikuza picha ile kwenye kompyuta tukaitazama pamoja. Jina la chaneli yake lilikuwa limeandikwa kwa hati isiyofanana na maandishi yaliyolizunguka, na idadi ya waliojisajili ilikuwa ya juzi yake, siku ambayo yeye mwenyewe alimtumia mtu yule kiungo cha chaneli. Tulipofungua YouTube Studio, yaani programu ya mwenye chaneli, kwenye simu yake na kugusa sehemu ya mapato, tukakuta mistari miwili: wa kwanza ulikuwa umejaa, kwa sababu alikuwa na watu 1,340 waliojisajili, na wa pili haukufika hata nusu, kwa sababu saa zake za utazamaji zilikuwa 1,100 na kidogo. Kazi hiyo yote haikuchukua dakika tatu, na msichana alilia pale pale kwenye kiti.

Mistari ile miwili ndiyo jibu ambalo watu wanalinunua. Ili kugawiwa mapato ya matangazo, YouTube inataka chaneli iwe na watu 1,000 waliojisajili, pamoja na saa 4,000 za utazamaji wa hadharani katika miezi 12 iliyopita, au mitazamo milioni 10 ya video fupi, zile Shorts, katika siku 90 zilizopita. Hapo ndipo msichana wa Dunga alipopotea njia. Video zake nyingi zilikuwa fupi, na muda ambao watu hutumia kutazama Shorts wanapozipitisha kwa kidole hauhesabiwi katika zile saa 4,000. Hauhesabiwi pia utazamaji wa video uliyoifuta au uliyoifanya ya faragha, wala ule ulioletwa na tangazo ulilolipia. Kwa hiyo mtu anaweza kuona maelfu ya watazamaji chini ya video zake na bado akawa mbali na mlango, na mtu wa nje asiyeingia ndani ya akaunti hana namna ya kulijua hilo.

Hili la mtu wa nje nataka nilikazie, kwa sababu zipo tovuti zinazokuomba ubandike kiungo cha chaneli kisha zikuambie kama inalipwa au hailipwi. Tovuti hizo huona kile tu ambacho mtazamaji yeyote anakiona. Saa za utazamaji, maonyo ya kukiuka kanuni na hatua ambayo ombi lako limefikia havimo hadharani. Hata matangazo yanayotokea kwenye video si ushahidi, ingawa nimewasikia vijana wakibishana kwamba chaneli inalipwa mradi tangazo limetokea. Tangu 2021, masharti ya YouTube yanayotumika nje ya Marekani yanairuhusu kampuni hiyo kuweka matangazo kwenye video za chaneli ambazo hazimo katika mpango wake wa washirika, na mwenye chaneli hapati chochote kutokana nayo. Mtu akikuonyesha tangazo kwenye video yako kama ithibati kwamba yeye ndiye aliyekufungulia malipo, anakudanganya kwa jambo ambalo lingetokea hata asingekuwapo.

Kwa Facebook mambo yana utata zaidi, na nadhani utata huo ndio unaowanenepesha matapeli. Machi 2024, Rais William Ruto alipokutana jijini Nairobi na Nick Clegg, ambaye wakati huo alikuwa afisa mkuu wa masuala ya kimataifa wa Meta, kampuni inayomiliki Facebook, ilitangazwa kwamba Wakenya wanaotimiza masharti wangeanza kulipwa kupitia Facebook na Instagram kufikia Juni mwaka huo. Habari hiyo ilienea vijijini kwa kasi, lakini maneno “wanaotimiza masharti” yalidondoka njiani. Wakati huo, sharti la matangazo ya ndani ya video lilikuwa wafuasi 5,000 na dakika 60,000 za utazamaji katika siku 60, na hesabu hiyo ilikaririwa kila mahali. Kisha Oktoba 2024 Meta ikatangaza kuiunganisha mipango yake mitatu, yaani matangazo ya ndani ya video, matangazo ya Reels (video fupi za Facebook) na bonasi ya machapisho, iwe mpango mmoja ulioanza kwa mwaliko. Leo kijana mwenye wafuasi 5,000 bado anaambiwa kwamba amehitimu na kwamba kilichobaki ni “kusukumwa” na mtu mwenye marafiki ndani ya kampuni. Mwaliko hausukumwi na mtu wa mtaani. Hali ya akaunti inaonekana katika dashibodi ya kitaalamu ya ukurasa au wasifu wenyewe, chini ya sehemu ya uchumaji mapato, na hapo utaona kama kuna mpango uliofunguliwa kwako na kama kuna kanuni uliyovunja.

TikTok sitaizungumzia kwa kirefu. Mpango wake wa kuwalipa watayarishaji kwa video zinazozidi dakika moja ulianzishwa katika nchi chache, kama vile Marekani, Uingereza, Ujerumani, Japani, Korea Kusini, Ufaransa na Brazili, na Kenya haikuwamo. Ndiyo maana utaona watu wakiuza akaunti “za Uingereza” kwa maelfu ya shilingi. Mnunuzi huja kukwama pale anapotakiwa kuthibitisha utambulisho wake, maana kitambulisho chake ni cha Kenya na akaunti imesajiliwa kwa jina la mtu asiyemjua.

Ningeishia kwenye hesabu kama hesabu ndizo zingekuwa mambo yote. Kuna mteja wangu kutoka upande wa Khayega, Kakamega, ambaye ukurasa wake wa video za kupiganisha mafahali ulikuwa na wafuasi wengi kuliko watu wanaofika uwanjani. Alituma ombi akakataliwa, akarudi kwangu akiamini kwamba ameonewa. Tuliipitia kazi yake video moja baada ya nyingine. Zile alizozirekodi mwenyewe zilikuwa nzuri mno, fahali wakishikana pembe, vumbi likitimka, vijana wakikimbia na matawi mkononi. Lakini juu ya karibu kila moja alikuwa amebandika muziki wa watu wengine aliouchukua mtandaoni, na zaidi ya nusu ya ukurasa ilikuwa vipande vilivyokatwa kutoka kurasa za wenzake, vingine vikiwa bado na majina ya wenyewe pembeni. Kampuni hizi hutazama kama kazi ni yako kabla ya kukulipa, na YouTube iliyaweka wazi zaidi maneno yake juu ya video za kurudiarudia na zinazotengenezwa kwa wingi bila ubunifu Julai 2025. Nilimshauri arudi na sauti halisi ya uwanjani, ile ngoma ya isukuti na vifijo vya watu, ambayo imo tayari ndani ya simu yake na aliizima kwa mikono yake kwenye video alizozipandisha ili aweke wimbo wa mjini. Huyu hakuhitaji wakala hata kidogo. Alihitaji mtu wa kumsomea sababu ya kukataliwa kwa lugha anayoielewa. Na YouTube, kwa mfano, humruhusu aliyekataliwa kukata rufaa ndani ya siku 21, au kuomba upya baada ya siku 30 ikiwa ni mara yake ya kwanza, nafasi ambazo wengi huzikosa kwa sababu barua pepe ile imeandikwa kwa Kiingereza kigumu na hakuna aliyewafafanulia.

Hata aliyekubaliwa hajafika mwisho. Google, mmiliki wa YouTube, hutuma kadi yenye nambari ya siri kwa njia ya posta mapato yanapofika dola 10, ili kuthibitisha anwani, na usipoiingiza nambari hiyo katika miezi minne matangazo husimamishwa. Nimeona vijana wakiandika anwani ya S.L.P. ya shule waliyomaliza zamani, kadi ikaenda ikalala huko. Malipo yenyewe hayatoki mpaka salio lifike dola 100. Anayepokea pesa hizi ajue pia kwamba Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka ushuru wa asilimia 5 unaokatwa kwenye malipo ya maudhui ya kidijitali kwa mkazi wa Kenya, na kwamba Google humtaka ajaze fomu ya ushuru ya Marekani, ambako sehemu ya mapato yanayotokana na watazamaji wa huko inaweza kukatwa hadi asilimia 30 kwa kuwa nchi yetu haina mkataba wa ushuru na Marekani. Matapeli hawayataji haya hata siku moja. Kwao kila kitu huisha pale M-Pesa inapolia.

Hasara kubwa kuliko ada ni nywila. Yule wa kundi la WhatsApp alikuwa amemtaka msichana wa Dunga ampe nywila yake na msimbo wa kuthibitisha uliotumwa kwenye simu yake, na alinusurika kwa sababu tu simu ilizimika chaji siku hiyo. Wapo wengine watatu, wateja wangu, ambao hawakunusurika. Akaunti zao zilibadilishwa majina usiku mmoja, na kazi yao ya miaka ikaanza kutangaza mikopo ya uongo. Kuingia katika akaunti ya mtu kwa hila ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, lakini aliyepoteza 3,500 huona nauli ya kwenda na kurudi kituoni itamzidishia hasara, naye hunyamaza.

Kwa sababu hiyo nina maombi mawili. Kwako Mhariri, naomba gazeti litenge nafasi, hata safu moja kwa wiki, ya kueleza masharti haya kwa Kiswahili na kuyarekebisha kila kampuni zinapoyabadilisha, kwa maana hesabu nilizozitaja hapa huenda zikabadilika na msomaji hana budi kuzithibitisha ndani ya akaunti yake. Kwa serikali zetu za kaunti, Kisumu, Kakamega, Nakuru na nyinginezo, naomba kwamba mafunzo ya kidijitali ambayo vijana wanahimizwa kuyahudhuria yawe na saa moja ya kila mtu kufungua akaunti yake na kujionea mwenyewe sehemu ya mapato ilipo. Vijana wetu wamefunzwa kurekodi, kukata video na kuweka vichwa vya kuvutia. Kuangalia kama wanastahili kulipwa hawajafunzwa na yeyote isipokuwa anayewatoza.

Mimi kwa upande wangu nimebandika karatasi mlangoni mwa saiba inayosema kwamba kukagua akaunti hapa ni bure na kwamba mwenye simu ndiye atakayeandika nywila yake mwenyewe, huku mimi nikiwa nimegeuka pembeni. Msichana wa Dunga huja kila Jumatatu kabla ya kushuka ufukoni. Ameanza kurekodi video ndefu, za dakika kumi na zaidi, akionyesha jinsi ya kuchagua mbuta, kumparua magamba na kumkausha moshi, na Jumatatu iliyopita ule mstari wa pili ulisoma saa 1,460.

Mwenye saiba, Kibuye
Kisumu